Mfuko wa Ndani

Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni tangu alipofungua dirisha la chumba cha mbele asubuhi mpaka alipolifunga jioni. Wenye midomo walisema hulala nayo. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo alikuwa amewasitiri watu wengi: mwenye bega lililoshuka alitiwa sponji, mwenye tumbo alishonewa koti la vifungo viwili badala ya vitatu, mwenye mguu mfupi alikunjiwa pindo kwa hesabu yake, na wote walitoka pale wakitembea kama mabalozi. Hakuna mtu aliyekuwa na jicho la kasoro kama Bi Futi. Hilo alilisema mwenyewe, mara kwa mara, hata bila kuulizwa.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja: vipimo havichukuliwi kimyakimya. Yeye huvuta futi na kutamka namba kwa sauti, na mtu mwingine huandika kwenye daftari la jalada jeusi. Asipokuwepo mtu, mteja huandika mwenyewe. Tarehe juu, kisha kifua, mabega, kiuno, nyonga, urefu, na mwisho kabisa mifuko, mingapi na ikae wapi. Kwa njia hiyo hakuna mteja aliyewahi kurudi na kudai kwamba suruali imembana kwa kosa la fundi. "Kiuno ulikiandika kwa mkono wako," angemwambia, akigeuza daftari. "Ulichokula baadaye mimi sikukupakulia."

Mtu mmoja tu hakupimwa, naye ni mumewe. Ukurasa wake ulikuwa wa kwanza kabisa, wenye namba za enzi za uchumba, kiuno thelathini na sita, bila tarehe. "Mume wangu nimpime kwa futi kwa lipi?" angeuliza, na wanawake waliosubiri nguo zao wangecheka na kugongeana viganja. "Huyu namjua kwa mkono."

Mume huyo aliendesha basi la shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa barabara, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi. Watoto walimwita Anko Mnanaa, kwa sababu hakukosa peremende za mnanaa mdomoni, na kila mtoto aliyepanda akamwamkia vizuri alipewa moja. Zamani hakuwa mtu wa peremende. Zilianza kama mwaka na nusu uliopita, na aliyekuwa akizinunua ni mkewe, pakiti nzimanzima, akifurahi kwamba mtu wa makamo kama yule ameanza kujali harufu ya kinywa chake. Wanaume wangapi hujali?

Ni wakati huohuo alipoomba mfuko.

"Mama watoto," alimwambia siku moja akivaa koti la kazini, "hebu nitilie mfuko wa ndani hapa kushoto. Upana hivi. Usiwe na kina sana, nisije nikahangaika kuingiza mkono."

"Wa kuweka nini?"

"Leseni. Na orodha ya majina ya watoto."

Bi Futi aliguswa sana. Orodha ya majina ya watoto, karibu na moyo! Akamshonea mfuko wa bitana mara mbili, wenye kifuniko na kifungo, ili majina yasidondoke. Ulimpendeza mno hata akautia kwenye makoti yake yote, mpaka la mvua. Sasa leseni hiyo na orodha hiyo lazima vilikuwa na uzito wake, maana baada ya wiki chache koti lilianza kuinamia kushoto. Mwanamke mwingine angejiuliza. Bi Futi alikuwa fundi; alitia kipande cha kitambaa kigumu upande wa kulia, mabega yakakaa sawa, na mume akatoka mlangoni amenyooka vizuri kabisa.

Suruali nazo. Alizipunguza mara ya kwanza, akamtania kwamba anarudi ujanani. Akazipunguza tena. Mume alisema ameacha sukari. Majirani walimpongeza Bi Futi kwa kumtunza mzee wake hata kitambi kikaisha, naye alizipokea pongezi kwa mikono miwili, kama mtu aliyezifanyia kazi. Kila suruali ilipolegea, alimsimamisha haraka kabla hajatoka, akabana pini nyuma, akapitisha mshono, basi. Futi ilibaki shingoni ikitazama.

Ndipo ilipokuja barua ya shule. Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya wazazi, Anko Mnanaa angepewa cheti na beji ya dereva bora, kwa miaka kumi bila ajali. Ule mkwaruzo wa ubavuni mwa basi ulikuwa wa geti, na kila mtu alikubali kwamba geti lile ni jembamba. Baada ya sherehe angewapeleka watoto thelathini na wawili wa darasa la tatu kutazama ndege zikitua. Bi Futi aliisoma barua ile mara tatu, ya tatu kwa sauti ya kuvuka barabara, na siku hiyohiyo akanunua kitambaa cha suti cha rangi ya majivu.

Karatasi ya kukatia vielelezo, yale maumbo yanayolazwa juu ya kitambaa kabla ya kukikata, aliipata bure. Nesi wa zahanati, mteja wake wa siku nyingi, alimletea bunda la mabango makubwa yaliyokosewa tarehe. Yalikuwa ya karatasi nzito, nzuri, isiyochanika kwenye mkunjo. Juu yake paliandikwa kwa herufi nene: JE, MPENDWA WAKO ANA DALILI HIZI? Chini zilifuata dalili kumi za mtu aliyetekwa na pombe au dawa za kulevya. Bi Futi alitandaza bango moja mezani, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akachora mgongo wa mumewe kwa namba za uchumba juu ya zile dalili, akaanza kukata. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma chochote kilicholala mbele yake, alikata huku akisoma.

Macho kuwa mekundu. Mkasi ulisimama. Kulala ovyo mchana. Akavuta pumzi. Kujitenga na wenzake.

"Ni yeye," alisema peke yake. "Maskini ya Mungu, ni yeye huyu huyu."

Alikuwa akimfikiria shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa mumewe, aliishi chumba cha uani mwaka wa tatu sasa. Alikuwa na nywele ndefu zisizopendana na kitana, na kazi yake, ikiwa ni kazi, ilikuwa kumsaidia mchomeleaji wa vyuma pale kona. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya, jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulihusisha na cheche. Mchana alilala. Alfajiri, badala ya kulala kama watu, aliamka na kupanda basi la shule bure na kaka yake, akakaa kiti cha mbele, akazunguka nalo mpaka watoto waishe, kisha akashuka kona akaenda kwenye vyuma vyake. Bi Futi alimhesabu kuwa ni mzigo, na sasa alikuwa na hati ya kuuthibitisha.

Jumatano mchana alimwita.

"Shemeji, njoo nikupime. Nataka kukushonea shati."

Shemeji alishtuka. Katika miaka mitatu hakuwahi kushonewa na mwanamke huyu hata leso. Nesi alikuwa amekuja kuchukua sare zake, akapewa daftari aandike. Bi Futi alikuwa ameshajiandaa kwa dalili ya nne, kupungua uzito bila sababu. Alizungusha futi kiunoni kwa shemeji, akaikaza, akatazama, akailegeza, akaikaza tena.

"Thelathini na nane," alitamka mwishowe, kwa uchungu. "Kamenenepa haka!"

"Bango linasema kupungua, Bi Futi," nesi alimkumbusha taratibu.

"Wengine huvimba."

Nesi hakuliandika hilo. Alifunga daftari, akachukua sare zake, akamtazama Bi Futi kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akaenda zake. Shemeji alibaki amesimama katikati ya vipande vya karatasi. Alikuwa ameokota kimoja, akasoma, na sasa alielewa shati lile ni la aina gani.

"Shemeji," alisema, "mimi sigusi kitu. Macho ni vyuma. Lakini kwa kuwa umeanza wewe, niruhusu niseme. Kaka hayuko sawa."

"Hayuko sawa kwa lipi?"

"Unajua kwa nini napanda naye basi kila asubuhi?"

"Kwa uvivu wa kutembea."

"Namnusa, shemeji. Kabla hajawasha injini namnusa. Kuna siku mbili nimemwambia aseme tairi limeisha upepo, turudi nyumbani. Nilikuwa nitakwambia, nikaona aibu. Ni kaka yangu."

Bi Futi aliinuka. Nani asiyejua hasira za Bi Futi? Alimpa vidonge vyake palepale, kimoja kimoja bila maji: kwamba yeye hana mbele wala nyuma, kwamba kaka yake ndiye anayemlisha, kwamba Jumamosi mtu anapewa beji na yeye anatafuta tope la kumpaka. Kisha akanyanyua kielelezo cha mkono wa kushoto, akakisoma kwa kidole: "Hukana, na huwatupia wengine lawama. Dalili ya nane hiyo! Imeandikwa na serikali!" Haikumjia akilini kwamba maneno yale yangeweza kumhusu mtu mwingine mle chumbani.

"Fungasha," alimalizia.

Shemeji hakubishana. Alichukua mfuko mmoja na miwani yake ya kuchomelea, akaenda kulala kwenye karakana, kati ya mageti ya watu. Mume aliporudi na kuambiwa, alisikitika kwa dakika kama mbili, kisha akasema labda ni vizuri, kijana ajifunze maisha. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Bi Futi aliona hivyo, na akafurahi kwamba wanaelewana.

Alhamisi, kati ya safari ya asubuhi na ya alasiri, mume alikuja kujaribu koti. Lilikuwa limeshonwa vizuri ajabu. Alipolivaa, mabega ya koti yalipita ya mwenyewe na kuendelea na safari, kola ikasimama mbali na shingo, na mgongoni pangeweza kuingia mtu wa pili, tena mwenye afya.

Bi Futi alirudi nyuma hatua mbili. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kukosea koti.

"Kuna mtu amechezea daftari langu," alisema.

"Hapana, mama watoto, nimepungua tu. Punguza na koti, basi. Kwani kazi hiyo ni ngeni kwako?" Alicheka, akajaribu kufunga kifungo. Kilimkimbia. Akajaribu tena, vidole vikacheza juu ya tundu bila kulipata, na mkewe, aliyesimama mbele yake kwa umbali wa kusaidia, aliviangalia.

"Unatetemeka."

"Baridi."

Ilikuwa saa saba mchana na paji lake lilikuwa limelowa.

"Unaumwa? Niambie kama unaumwa."

"Umeanza kunipeleleza sasa?" Sauti ilimtoka kali kiasi kwamba mteja aliyekuwa mlangoni aligeuka kutazama barabara. Kisha palepale akatabasamu, akatia peremende mdomoni, akamgusa mkewe shavu. "Samahani. Ni hiyo sherehe, inanitia kiwewe. Punguza tu. Na usisahau mfuko wa ndani."

Ijumaa asubuhi Bi Futi alifunga mlango, jambo asilolifanya siku ya kazi. Alihitaji kiuno cha kweli cha mumewe ili asikosee tena, na kwa kuwa daftari halikuwa nacho, alichukua suruali yake ya kazini ya zamani akaipindua nje ndani.

Bi Futi hakukata kitambaa kilichozidi alipopunguza nguo. Hiyo ilikuwa desturi yake, naye aliionea fahari: kitambaa hubaki ndani, kwa sababu mtu hunenepa tena, na fundi mwenye huruma humwachia mteja pa kurudia. Kwa hiyo pale nyuma ya kiuno kila mshono aliowahi kupitisha ulikuwa ungalipo, mmoja pembeni ya mwingine. Mmoja ulikuwa wa uzi mweusi, na wa pili wa kahawia, wa ile wiki weusi ulipokwisha. Wa tatu ulipinda kidogo, kwa sababu alikuwa akicheka na mteja. Wa nne ulikuwa wa mwezi uliopita. Na mbele ya huo, shimo dogo la pini aliyobana juzi.

Alivua futi shingoni akailaza juu yake. Thelathini na sita. Thelathini na nne. Thelathini na mbili. Thelathini na moja. Pini, ishirini na tisa.

Laiti angekuwa mteja, kila namba ingetamkwa kwa sauti na kuandikwa chini ya tarehe, na mtu angeshasema hebu subiri kidogo. Mgeni yeyote aliyeingia pale na kitambaa alipata heshima hiyo. Mume alipata pini mgongoni na mzaha.

Kipande cha bango kilikuwa kimelala pembeni, kielelezo cha mgongo. Dalili ya kumi ilikatika pale kwenye tundu la mkono; nusu yake ilisema Watu wa karibu huwa, na nusu nyingine ilikuwa imeanguka chini ya meza tangu Jumanne. Bi Futi aliinama akaiokota, akaziunganisha. Watu wa karibu huwa wa mwisho kukubali. Akakigeuza kielelezo upande usio na maandishi.

Tusimtetee. Alijua. Alijua tangu pale, saa tano asubuhi, na moyo ulimuuma hata akakaa kwenye kile kiti cha wateja ambacho yeye mwenyewe hakuwahi kukikalia. Alimpenda mtu yule. Alipenda alivyopiga honi mara mbili akipita mbele ya dirisha, na alivyojua majina ya watoto wote mpaka ya wadogo zao ambao hawajaanza shule. Alifikiria beji, barua aliyoisoma kwa kelele, na wale majirani wenye pongezi. Akajiambia kwamba Jumamosi ni siku moja tu, wacha ipite, Jumapili atazungumza naye. Halafu akatunga uzi kwenye sindano.

Alipitisha mshono wa tano. Ulikuwa mzuri kuliko yote minne. Akapunguza koti kwa ustadi ambao fundi mwingine yeyote angeomba aonyeshwe, na upande wa kushoto, kwa ndani, akatia mfuko wenye kifuniko na kifungo.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Anko Mnanaa aliingia, na wazazi wakanong'ona jinsi alivyopendeza. Suti ilimkaa kama amezaliwa nayo. Mwalimu mkuu, mwanamke wa sauti nzito na hotuba ndefu, alieleza maana ya uaminifu, kisha maana ya barabara, kisha maana ya uaminifu barabarani. Nje, darasa la tatu walikuwa wamepanga mstari kando ya basi, na vichwa vyao vilionekana dirishani vikipanda na kushuka.

"Na beji hii," alihitimisha mwalimu mkuu, "tutamwomba mke wake ambandike. Nani mwingine anajua kushika pini kama Bi Futi?"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Bi Futi alipanda jukwaani, akachukua beji, akashika upande wa kushoto wa koti kama alivyoshika makoti elfu moja, akasukuma pini. Ilipita kitambaa. Ilipita bitana. Kisha ikagota.

Ilitoa mlio mdogo sana, tik. Waliousikia ni watu wawili tu katika ukumbi mzima.

Alisogeza pini chini kidogo, akasukuma. Tik. Kilikuwa kitu kigumu, bapa, chenye upana ule aliouomba mumewe, na kilikaa vizuri kwenye mfuko wake bila kucheza hata kidogo, kwa sababu mfuko ulishonwa na fundi. Bi Futi aliinua macho. Mumewe alikuwa akitabasamu kuelekea kwa watu, peremende shavuni, na machoni mwake mlikuwa na ombi ambalo mkewe alilisoma mara moja: nisitiri, kama unavyowasitiri wote.

Nje mtoto mmoja aliita, "Anko Mnanaa, twende!"

Bi Futi alibandika beji kwenye ukosi, mahali ambapo pini hupita. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo wa basi."

"Baadaye," mume alinong'ona bila kusogeza midomo. "Watu wanatutazama."

"Ndiyo maana nakuomba kwa upole."

Alisita. Mkono ulienda mfukoni, ule wa nje, ukakaa humo muda ambao kwa Bi Futi ulikuwa mrefu kuliko hotuba. Hatimaye ukatoka na ufunguo, ukauweka kwenye kiganja cha mkewe. Ukumbi mzima ukasimama na kushangilia. Walidhani ni sehemu ya sherehe, mume anamkabidhi mke heshima yake. Mwanamke mmoja safu ya mbele alifuta machozi.

Bi Futi alimgeukia mwalimu mkuu na kumpa ufunguo.

"Tafuta dereva mwingine, mwalimu. Huyu leo haendeshi. Anaumwa."

"Anaumwa?" Mwalimu mkuu aliangalia suti, akaangalia beji. "Mbona anapendeza hivi? Anaumwa nini?"

Hapo angeweza kusema malaria. Angeweza kusema mgongo, na shule nzima ingempa pole. Neno lilimjia na koti lake tayari.

"Ulevi," alisema, kwa sauti ileile ya kumsomea mtu vipimo.

Makofi yalikufa safu kwa safu, ya mbele kwanza, na kule nyuma wakaendelea kushangilia kwa muda mpaka wenzao walipowashika mikono.

Mwalimu wa michezo alikuwa na leseni ya basi, na darasa la tatu wakaondoka kwa kuchelewa nusu saa. Kabla ya hapo ilibidi mtu mmoja aondolewe mlangoni. Shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi tangu saa mbili asubuhi, mikono ameshika vyuma vya pande zote mbili, miwani ya kuchomelea kichwani, na aliwaambia waliomfukuza kwamba hapo hapiti mtu mpaka dereva anuswe. Walimwona mlevi. Bi Futi alimkuta pale, akamshika mkono.

"Twende nyumbani, shemeji. Nilikukosea. Tena nilikukosea mbele ya nesi."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwenu," alisema Bi Futi, na hapo ndipo alipolia.

Nesi, aliyekuwa miongoni mwa watu ukumbini, aliwafuata mpaka getini, akawaambia Jumatatu saa mbili, zahanati, mlango wa pili, na waje wote watatu. Wakashika njia ya nyumbani. Mume alitembea katikati, wapita njia wakimpongeza kwa beji.

Walipofika chumba cha mbele, alivua koti, akalishika hajui aliweke wapi. Kisha akafungua kile kifungo kwa ndani, vidole vikihangaika, na safari hii hakuna aliyemsaidia wala kumharakisha. Akatoa kichupa bapa cha pombe akakiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Utanifukuza?" aliuliza.

"Sijui," Bi Futi alijibu, na lilikuwa jibu la kweli. Alichukua daftari la jalada jeusi, akampa shemeji na kalamu. "Fungua ukurasa mpya. Andika tarehe ya leo." Halafu akamgeukia mumewe. "Simama."

"Ya nini sasa?"

"Miaka yote hii sijakupima. Simama."

Alisimama. Bi Futi alivua futi shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu uchumba akaizungusha kwenye kifua cha mume wake, akasoma kwa sauti. Mabega. Nyonga. Shemeji aliandika. Kwenye kiuno futi ilizunguka na kubakisha mkia mrefu, naye akatamka namba, lakini haikusikika.

"Rudia, shemeji," alisema aliyeshika kalamu. Sheria ni sheria.

"Ishirini na nane na nusu."

Mume aliitazama ile namba ikiandikwa. Aliisoma kichwa chini, taratibu, kama anayesoma jina la mtu anayemfahamu kwenye orodha ambayo hakutegemea kumkuta. Bi Futi alipima urefu, na huo, kwa shukrani ya wote, ulikuwa haujapungua.

"Mifuko?" aliuliza shemeji, kwa kuwa ndivyo ukurasa unavyomalizika.

Bi Futi alimgeukia mumewe. Si swali la fundi hilo. Hujibiwa na mteja mwenyewe. Alibaki ameshika ncha ya futi, akisubiri, na mumewe akakitazama kichupa pale mezani, akatazama koti, akameza peremende yake nzima.

"Miwili," alisema. "Ya nje tu."